Mgeni wa Kabati la Sahani

Upekecho ulikuwa ukizunguka ndani ya birika la chokoleti, krr, krr, kabla jua halijachomoza katika mji wa Manizales. Misia Hermelinda, kama bibi huyo alivyoitwa kwa heshima, aliuzungusha taratibu ili asimsumbue mjukuu wake, Yuliana, aliyekuwa mezani na kompyuta. Yuliana na rafiki yake mmoja wa Kosta Rika ndio waliotunza programu ya bure ya hifadhidata iliyotumiwa na maelfu ya watu wasiowajua. Ijumaa hiyo walipanga kutoa toleo la tisa, na amri moja kuukuu ya kusoma tarehe isingekuwemo tena.

Yuliana akaifuta. Kabati la sahani likafunguka, akatoka mwanamke mwenye sare ya uuguzi, viatu vyake vimejaa tope la mtoni.

"Hodi, misia. Samahani, nimetangulia kuingia."

"Karibu, mwanangu. Angalia vikombe."

Bibi akaongeza maji birikani. Toleo la nane lilikuwa limewaleta wazima moto wanne kupitia kabati hilohilo, na chokoleti haikuwatosha.

Mgeni aliitwa Edilsa. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji kilicho siku mbili kwa mashua.

"Kesho chanjo zinafika," alimwambia Yuliana. "Mfumo wetu unajisasisha wenyewe. Ukiondoa amri ile, orodha yangu ya watoto mia mbili na kumi inabaki tupu. Nitajuaje nani bado?"

"Dada, nilitangaza miaka miwili iliyopita!"

"Ulitangazia wapi?"

"Kwenye maelezo ya toleo."

"Nani anayasoma hayo?"

"Mimi naishi humu humu na sijayasoma," alisema Misia Hermelinda.

Yuliana akajikuna kichwa. "Lakini amri yenyewe inabahatisha. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, inajichagulia karne."

"Hilo nalijua. Ilimwita mzee Anselmo, mwenye miaka mia moja, aje kwa chanjo ya watoto wachanga."

"Akaja?"

"Akaja. Na alilia kuliko wote."

Bibi alicheka mpaka akauweka upekecho chini. Yuliana alijaribu kujizuia, akashindwa.

Basi akairudisha amri, iendelee kuishi hadi toleo la kumi. Kisha akaandika programu ndogo ya kujaza miaka kwa ukamilifu katika orodha ya zahanati, na kila ilipokwama ilimuuliza Edilsa. Edilsa alijibu huku akivuta uzi wa jibini iliyoyeyuka ndani ya chokoleti yake, kama wanywavyo huko.

"Huyu ni wa karne hii, nilimzalisha mwenyewe. Huyu pia. Huyu ni Anselmo, mwache mzee wa watu."

Majina yote mia mbili na kumi yalipokwisha, orodha ikasimama nzima. Edilsa aliosha kikombe chake, akaosha na cha Yuliana. Alipoona binti yule anajikunyata, alichukua shali ya bibi kitini akamfunika mabega.

Yuliana akaandika tangazo jipya, kwamba amri ile itaondoka katika toleo la kumi. Akaliweka palepale palipokuwa lile la zamani, kwa kuwa ndiyo desturi ya kazi hiyo. Hadi saa nne asubuhi lilikuwa limesomwa na watu wawili: yeye na rafiki yake wa Kosta Rika. Edilsa akawa wa tatu, akilisoma kwenye kompyuta kwa sauti, neno kwa neno, ili misia naye asikie.

Misia Hermelinda akamfungia arepa nne, mikate ya mahindi, katika kitambaa, pamoja na kifaa kidogo chenye ile programu na orodha iliyokamilika. Edilsa akainama, akatia mguu mmoja kabatini. Nyuma ya masinia, mto ulisikika ukipita.

"Asante, misia. Asante, Yuliana."

Bibi akamshikia mlango usimpige mgongoni.

"Njoo tena, mwanangu," alisema. "Na safari ijayo usingoje kitu kivunjike."