Mchuzi Umefika Kisima cha Nne

Kho! Kho-kho! Gizani, kabla jogoo hajakumbuka kazi yake, bomba la jikoni lilikohoa, likatema hewa, likanyamaza. Mpimaji alilifunga kwa hasira. Siku ya tatu leo, maji hakuna, kikohozi tele.

"Usijali, mama," binti yake wa miaka saba alisema kutoka kitandani. "Nitakunywa ya shule."

"Usiguse hata tone! Umenisikia?"

"Mbona mwalimu kasema ni safi?"

Mpimaji alimfunga kamba za viatu akiwa ameuma mdomo. Angeanzia wapi kumweleza? Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima vidogo vilivyozunguka jaa la taka, pale mlimani juu ya shule. Mvua ikinyesha, maji hupita katikati ya taka na kuzoa kila yanachokutana nacho: kutu, sabuni, tindikali ya betri. Huko chini hutoka meusi, yana povu, na pale jaani kila mtu huyaita mchuzi. Siku tisa nyuma, kwa amri ya Injinia mwenyewe, walikoroga magunia manne ya chumvi kwenye maji wakayamwaga juu ya jaa, waone itachukua muda gani kushuka. Hesabu ya Injinia ilisema miaka miwili. Jana chumvi ilikuwa Kisima cha Nne, hatua ishirini kutoka kisima cha shule. Na chumvi ilikopita, tindikali na sumu nyingine hazibishi hodi.

Aliandika hapo hapo kwenye daftari la taarifa: "Mchuzi umefika Kisima cha Nne. Chumvi imezidi mno. Hatua zichukuliwe haraka."

Jioni ofisi ilijibu kwa muhuri: "Wafanyakazi wanakumbushwa kuwa ni marufuku kupika eneo la kazi. Mpishi atajwe."

Asubuhi hii karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya jaani, na dereva wa katapila alikuwa ameshikilia mbavu.

"Shemeji, na mimi ungeniwekea bakuli! Ila chumvi, aa, punguza mkono."

"Cheka tu. Watoto wako hawasomi shule ile."

Kicheko kilimkauka. "Injinia anakuja saa nne," alisema kwa sauti ya chini. "Anamtafuta mpishi."

Injinia alikuja saa sita, viatu vinang'aa, nywele zimepakwa rangi nyeusi hadi masikioni. Mpimaji alimweleza mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa vidole, mara ya tatu kwa kuomba: bila saini yake kisima cha shule hakifungwi.

"Kipimo chako kibovu," Injinia alisema.

"Nimekijaribu kwenye maji safi leo, bosi. Kizima."

"Jaa ni kama sifongo, binti. Linanyonya kwanza, likishiba ndipo linadondosha. Hesabu haidanganyi."

"Hesabu yako haina magodoro, bosi."

"Nini?"

Mpimaji alimvuta hadi pale katapila ilipokata ukuta wa taka. Juu, maji yalikuwa yametuama kwenye turubai kama kwenye sahani. Ukingoni yalipata upenyo, yakateremka na waya mkuukuu, yakakwepa godoro, yakaingia katikati ya matairi, yakapotea mbio. Pembeni kidogo tu, Mpimaji alichota taka kwa kiganja. Zilikuwa kavu kama unga.

"Hapa hayajapita hata tone. Yana njia zake za mkato. Hayasubiri jaa lishibe!"

"Hiyo ndiyo elimu ya cheti cha masomo ya jioni," Injinia alisema, akijifuta viatu kwa leso. "Nikifunga kisima, wazazi watapiga kelele. Bomba lenyewe halitoi maji."

"Basi kawaambie wao. Twende."

Alishangaa mwenyewe alivyomshika mkono mkubwa wake wa kazi na kumteremsha mlimani kama mtoto mtoro. Dereva aliwafuata, mdomo wazi.

Shuleni kengele ya mapumziko ilikuwa imelia. Watoto walikuwa wamepanga mstari kwenye pampu, na wa kwanza katika mstari alikuwa binti yake, midomo imekauka na kupasuka. Kiu humtii mama gani?

"Ondokeni hapo!" alipiga kelele. Mstari haukusogea. Mtoto na kiu utamwondoaje kwa kelele?

Injinia alitabasamu. Alichukua kikombe, akakijaza kwenye pampu, akakiinua juani. "Oneni wenyewe. Angavu kama kioo! Chumvi, mchuzi, sijui nini... Mama huyu anawatia watu hofu bure." Aliinama, akamkabidhi kikombe mtoto aliyekuwa karibu naye. "Kunywa, mwanangu, maji ni salama."

Mtoto huyo alikuwa binti wa Mpimaji.

Msichana alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Alimtazama mama yake. Alikitazama kikombe. Kisha, kwa mikono ile ile miwili, alikirudisha.

"Anza wewe, babu."