Blanketi la Timboroa

Blanketi ndilo lililomuumbua Kyalo. Nthenya alikuwa amelikunja vizuri na kulitia mkobani, kama alivyofanya kila safari tangu mumewe aanze kuendesha lori la kontena kutoka Mombasa hadi Malaba, kwa maana baridi ya Timboroa, huko milimani njiani, haina mchezo. Alipotoka kuoga akalikuta limerudishwa kitandani. Kando ya mkoba palikuwa na mitungi miwili ya maji.

Mwanamume mzima, amekula barabara miaka yote hiyo, na bado hajui kuficha kitu.

"Baba Mutheu," Nthenya akaita, "siku hizi Timboroa kuna joto?"

Kyalo alikuwa anafunga kamba za viatu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Mwishowe akatapika yote. Tajiri wake alikuwa amepata kazi ya kubeba mbolea kutoka bandari ya Lamu, kupitia Garissa na Isiolo, hadi Moyale, mpakani na Ethiopia. Alitafuta madereva wa kuanza na njia hiyo, na Kyalo akakubali.

"Ulikubali lini?"

"Jumamosi."

Na Jumapili walikuwa kanisani pamoja, wakarudi nyumbani Kware pamoja, wakala pamoja, wala hakufungua kinywa. Hilo lilimuuma Nthenya kuliko njia yenyewe. Na njia yenyewe ilimtisha, tusidanganyane. Kila mpangaji pale kwenye ploti alikuwa amesikia habari za barabara ya Lamu, jinsi magari yanavyosindikizwa na askari na watu wanavyoviziwa vichakani.

"Kwani Malaba imekukosea nini?"

"Malaba tumejaa, mama. Kila mwenye lori yuko huko. Lamu kuna bandari mpya, maji yana kina, meli kubwa inaingia bila taabu. Lakini meli haziji, kwa sababu hakuna malori ya kuwapelekea Waethiopia mzigo wao. Na malori hayaendi, kwa sababu hakuna meli. Wamekaa wanangojana. Bila hiyo njia ya Moyale, bandari yenyewe itabaki ya kupigwa picha tu."

"Basi waanze wengine."

"Wewe hukusema hivyo," Kyalo akamjibu polepole, "wakati walipochimba barabara."

Nthenya akavuta kiti, akaketi. Alijua anakopelekwa.

Kibanda chake cha chakula kilikuwa hapo chini, kwenye njia wanayopita wafanyakazi wa viwandani. Walipochimba barabara kutia mabomba ya majitaka, wateja wakageukia kwingine. Nthenya akapunguza sufuria. Wachache waliojikaza wakaruka mtaro walikuta chakula kimekwisha, nao wakapotea. Siku moja akapandwa na hasira, akarudisha sufuria kubwa jikoni, akapika muthokoi wa kutosha watu wote wa zamani, mahindi na maharagwe mpaka juu. Wakaja wawili. Majirani wakacheka. Kesho yake akapika vilevile, na kesho kutwa, hata ikajulikana kwamba kwa Mama Mutheu hukosi. Mtaro ulipofukiwa, benchi lake halikuwa na nafasi.

Na wakati huo wote ni nani aliyekula kilichobaki? Ni huyu hapa anayehangaika na viatu. Alikula muthokoi asubuhi, akala jioni, akabeba mwingine safarini, wala siku moja hakukunja uso.

"Mimi nilikuwa napika," Nthenya akasema. "Hakuna aliyenivizia na bunduki."

"Ni kweli." Kyalo akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akauweka mezani. "Nilikosea kukuficha. Ukisema nisiende, naurudisha kwa tajiri sasa hivi."

Angekuwa anatania, ingekuwa rahisi. Lakini Nthenya alimjua mumewe, na alijua kwamba akisema neno moja tu, Kyalo angebaki, na asingemlaumu kamwe. Moyo ulimwambia alitamke. Aliutazama ule ufunguo hadi chai ya asubuhi ikapoa mezani.

Kisha akasimama, akajaza chombo muthokoi, akakifunga kwa leso na kukitia mkobani pale blanketi lilipokuwa.

"Utapiga simu ukifika Garissa," akasema. "Usipopiga, nitakuja kukutafuta na mwiko wangu."

Kyalo akapiga alipofika Garissa. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Nthenya alipika, akapakua, akakosea chenji, na usiku akalala amelikumbatia blanketi la Timboroa, Kware na joto lake lote. Alijilaumu kwa lile neno ambalo hakulisema.

Simu iliita saa ya chakula cha mchana, kibanda kimejaa. Alitoka nje na mwiko mkononi.

"Nimefika Lamu," Kyalo akasema. "Salama."

Nthenya akaushusha mwiko. Akauliza, "Meli ziko?"

"Iko moja."

"Na malori?"

Nthenya alisikia upepo mwingi na kimya cha mahali pakubwa pasipo na watu.

"Tuko matatu tu, mama."

Nthenya akageuka, akalitazama benchi lake lililojaa.

"Sisi tulianza na wawili," akasema, akakata simu, akarudi ndani kupakua.