Kamba ya Kisima

Kamba ya kisima ilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, imefuliwa, ikisubiri. Ndoo za maji ya kununua zilikuwa zimemmaliza shangazi mgongo, na kila mara mtoto wa kaka yake alipomtembelea, swali lilikuwa lile lile: "Haya mwanangu, tunafungua kisima lini?"

"Karibuni, shangazi."

Angejibu nini? Kazi yake ofisini ilikuwa kupitia makadirio ya gharama za kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuliwa na viwanda, na faili la kiwanda cha rangi, kile kilichokitia sumu kisima cha shangazi, lilikuwa mezani pake. Wenye kiwanda walidai maji yameshatakata, pampu ya kuyasafisha izimwe, gharama ziishie hapo. Vipimo viliwaunga mkono. Ila vilichukuliwa pampu ikinguruma, na sumu iliyojibanza kwenye udongo wa mfinyanzi haijitokezi mpaka pampu ipumzike. Aliagiza izimwe kwanza, akangoja, akapima upya. Lo! Sumu ilirudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

"Ukiandika pampu iendelee miaka thelathini," bosi wake alisema huku akijipangusa uso, "hawa wenye kiwanda watafunga virago. Nani atasafisha? Nusu shari kuliko shari kamili."

"Na wakizima, bosi, watu watafungua visima."

Bosi alimsogezea faili. "Basi andika. Lawama usinibebeshe mimi."

Akaandika. Pale makadirio ya awali yalipokuwa na miaka mitatu akaweka thelathini, akatia saini, akatamani kulala palepale mezani. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Jioni alimkuta shangazi akifua uani.

"Lini, mwanangu?"

Safari hii aliachana na "karibuni." "Shangazi, maji yale hutayanywa tena. Labda wajukuu zangu."

Shangazi aliacha kufua. "Kumbe siku zote unanibembeleza kama mtoto mchanga?"

"Nilikuwa najibembeleza mwenyewe. Nisamehe."

Mama wa watu aliingia jikoni, akatoka na ile kamba ya kisima, akamkabidhi ncha moja. "Shika huko. Nguo zangu hazina pa kuanikwa."

Wakaifunga kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye nguzo ya ua. Machozi yalimtoka mtoto wa kaka, fundo likamponyoka mara mbili. Shangazi alijifanya anakamua shuka.

"Kaza," alisema bila kugeuka. "Hiyo ni ya kukaa."