Shemeji Juu ya Tangi

Mimi si mtu wa maneno mengi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaongea hata akipiga mswaki. Na bado tukaangukia kazi moja: kusafisha matangi ya maji yaliyochimbiwa ardhini.

Maji yenye chokaa huacha ukoko mweupe ukutani. Dawa yake ni asidi. Ukiimwaga, ukoko unachemka, unatoa povu, na humo inatoka hewa ukaa. Huioni, na ni nzito, kwa hiyo inatulia chini, pale pale unapofanyia kazi. Nilijua yote hayo. Lakini mazoea, jamani! Siku ile feni ya kuingiza hewa ilikuwa mbovu, nikasema nitashuka hivyo hivyo.

Shemeji akakataa. Tukabishana weee, mwisho akanifunga kamba kwapani.

"Na kila nikikuita, unijibu."

"Utaniua na domo lako!"

Nikashuka, nikamwaga asidi, nikaanza kusugua. Huko juu redio haizimwi.

"Shemeji, upo?"

"Nipo, kelele!"

"Kati yetu nani mzuri?"

"Katafute kioo kwanza!"

Kichwa kikaanza kugonga. Nikawa nahema kama niliyekimbia. Nikadhani ni uchovu tu.

"Shemeji, sema kweli, dada yangu si angepata mume bora kuliko wewe?"

"Kweli, shemeji," nikamjibu kwa upole. "Hapo umesema."

Sikumbuki kingine.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali juani, mlinzi wa jengo akinipepea kwa kofia yake. Walikuwa wamenivuta wawili. Shemeji alikuwa amepiga magoti kando yangu, viganja vimechunwa na kamba.

"Tangu umuoe dada, hujawahi kunikubalia hata neno moja," akasema. "Ulipokubali tu, nikajua unakufa."

Akataka kuendelea, akashindwa. Akaanza kulia kama mtoto, na mimi sijawahi kumwona huyu mtu akikosa la kusema.

Basi nikaongea mimi. Nikamshika ile mikono yenye damu nikamwambia asante. Asante kwa kamba niliyoikataa, asante kwa kila swali lako la kipuuzi. Wanangu wana baba leo kwa sababu yako, shemeji. Niliongea mpaka sauti ikakauka, na yeye akanisikiliza, kimya.