Ukuta wa Majina

Kazi ya mwisho ya mwaka wa pili ilikuwa na sehemu tatu, na Madam Gati aliziandika ubaoni bila maelezo mengi: bango, filamu fupi isiyozidi dakika kumi na mbili, na onyesho la jukwaani la dakika tano. Zote tatu zitokane na kisa kimoja cha kweli. Wanafunzi wengi wa chuo kile cha Musoma walichagua wavuvi, kwa kuwa mwalo wanaposhushia samaki uko karibu na wavuvi hawaogopi kamera. Recho Masatu alimchagua mama yake.

Kisa chenyewe alikijua tangu utotoni. Nyumbani kwao Kabasa, mjini Bunda, kilisimuliwa kila mteja mkorofi alipokuja kudai gauni lake limeharibiwa. Mama yake, Consolata, alimaliza darasa la saba kule Bugwema mwaka tisini na sita, akiwa wa kwanza darasani. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa Musoma mjini, yeye alikuwa kitandani na malaria. Mama yake, Bibi Yunis, akadandia lori la pamba akaenda kumtazamia. Alirudi jioni akasema, "Jina lako halipo." Mwezi uliofuata Consolata akapelekwa Bunda kwa shangazi yake kujifunza ushonaji.

Miaka saba baadaye alikutana sokoni na Stellah, waliyesoma naye.

"Wewe ulipotelea wapi?" Stellah alimuuliza. "Kule sekondari ya Butiama mwalimu alikuwaga anaita jina lako kila asubuhi, hakuna wa kuitika. Wiki mbili nzima!"

Consolata hakuwahi kumuuliza mama yake. Alikwenda Bugwema kwenye misiba na wakati wa mavuno, akasaidia kazi, akarudi Bunda. Kwake hakukuwa na la kuuliza. Mama alikuwa na cheti cha elimu ya watu wazima kimetundikwa sebuleni, na kila Jumapili alikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi. Mama aliliona jina, akaamua kunyamaza.

Hivyo ndivyo Recho alivyoandika mswada wake. Bibi anafika ukutani, anasoma, analiona jina la bintiye, anatazama huku na huku, anaondoka. Bango alilitengeneza kabla hata ya kupiga picha: orodha ndefu ya majina, na moja limekwanguliwa kwa ukucha. Lilikuwa bango zuri. Wenzake walisimama kulitazama, na yeye akapita karibu nao mara mbili akijifanya anatafuta mkasi.

Walianza kupiga picha Kabasa, siku ya Jumamosi. Gody, mwanafunzi mwenzake, alishika kamera. Recho mwenyewe aliigiza mama yake akiwa na miaka kumi na minne, amejifunika shuka. Binti aliyekuja kuigiza kama bibi alikuwa hodari jukwaani, lakini alipofunga kitenge na kuinama mlangoni alionekana kama mtu anayecheza harusini. Walirudia mara sita. Consolata, aliyekuwa amekaa pembeni akirekebisha mavazi, akaweka sindano chini.

"Nipe hicho kitenge," alisema.

"Mama, wewe?"

"Wewe unataka filamu au hutaki?"

Alijifunga, akatoka nje, akaingia tena. Hakuigiza uzee. Aliingia kama mtu aliyechoka kwa safari, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akampima Recho joto kwa mgongo wa mkono.

"Jina lako halipo," alisema. Mswada uliishia hapo. Lakini yeye hakunyanyuka. "Lala, mwanangu. Nimekuchemshia uji. Nimeweka na ndimu, utapita vizuri kooni."

Gody hakuzima kamera. Consolata alibaki ameketi, mkono ukiwa juu ya shuka, kisha akavua kitenge taratibu.

"Uji nilikuwa nimeusahau," alisema. "Kweli alinipikia uji." Akarudi kwenye sindano yake.

Jumatatu Madam Gati aliitazama filamu ofisini, ikiwa bado haijakamilika, pamoja na tukio la ukutani walilolipiga Jumapili na yule binti. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu hiyo. Ilipofika mwisho alirudisha nyuma hadi kwenye uji, akatazama tena.

"Huyu mama anajua kazi kuliko ninyi wote," alisema. "Na huyu bibi anayesimuliwa, yuko hai?"

"Yupo, Madam. Bugwema."

"Amesaini fomu ya ridhaa?"

"Bado, Madam."

"Umemwita mwongo kwenye bango la urefu wa mita nzima, na hujamuuliza. Bila saini yake hii siipokei. Mwisho ni Ijumaa."

Nje, Gody alisema kwa sauti ya chini kwamba saini ya bibi wa Bugwema hakuna anayeijua. Recho alifika bwenini na fomu tupu ya ridhaa, akaitandaza juu ya daftari, akashika kalamu. Alifikia hata kuigusisha ncha mahali pa saini. Kisha akaikunja akaiweka kwenye begi la laptopu, akampigia mama yake kumwambia kwamba kesho anakwenda.

"Nenda," Consolata alijibu. "Mimi nina nguo za watu."

Lakini Recho aliposhuka kwenye bodaboda kesho yake, alimkuta mama yake tayari yuko uani kwa Bibi Yunis, ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi, kama aliyekuja kwa shughuli hiyo tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekuja wawili siku moja, kuna nini? Nani amekufa?"

Walicheka, wakanywa chai, wakala viazi. Recho alieleza kwamba ametengeneza filamu ya masomo, kuhusu mama alipokuwa mgonjwa mwaka ule. Bibi akafurahi. Aliweka kiti chake mbali na jua, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaitazama laptopu akiwa ameiinamia. Alipomwona Consolata amevaa kitenge alipiga makofi. "Huyu si mimi huyu!" Sehemu ya uji aliitikia kwa kichwa. Alipomwona bibi wa kwenye filamu ukutani anasoma, anatazama huku na huku, anaondoka, aliacha kuitikia. Mwishoni kabisa ilisikika sauti ya Stellah, ambaye Recho alikuwa amemrekodi kwa simu, akieleza jinsi mwalimu wa Butiama alivyoita jina wiki mbili.

Filamu ikaisha. Kuku walikuwa wanaparua karibu na mahindi na hakuna aliyewafukuza.

"Kumbe lilikuwepo?" Bibi Yunis aliuliza.

Consolata hakuinua uso. "Si ulilisoma mwenyewe."

Recho, asiyejua la kufanya, akafanya lile alilolijia. Alitoa fomu na kalamu, akasema, "Bibi, chuo kinataka ruhusa yako. Nimeandika kwa Kiswahili chepesi. Soma kwanza, kama hukubali usisaini."

Bibi Yunis aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, juu mpaka chini. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Kisha akaigeuzia kwa Recho, akasema kwa sauti ndogo, "Nionyeshe. Jina langu liko wapi hapa?"

Lilikuwa mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Consolata aliacha kupukuchua. Gunzi lilikuwa bado mkononi. Alimtazama mama yake, akaitazama karatasi, akamtazama tena mama yake.

"Mama," alisema. "Hujui kusoma?"

"Sijui."

"Na kile cheti?"

"Walitupa wote tuliohudhuria. Mimi nilihudhuria, lakini herufi hazikukaa. Nyimbo za kanisani nazijua kwa kichwa, kitabu nilikuwaga nafungua tu."

"Sasa Musoma ulifanya nini?"

Bibi Yunis alinyoosha kidole cha shahada. "Watu walikuwa wengi ukutani, wanasoma kwa vidole. Na mimi nikaweka kidole, nikakishusha kama wao, mpaka chini ya karatasi. Kilipofika mwisho nikasema, basi, halipo. Nikarudi."

"Ungemuuliza mtu mmoja, mama! Mtu mmoja tu!"

"Walikuwepo wengi, na wengi ni wa kanisani kwetu. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Ningemwambia nani?" Alishusha kidole. "Nilijiambia, kama lipo, mwalimu mkuu atakuja kusema. Mwalimu mkuu akahamishwa. Ukaenda Bunda, ukajua kushona, nikasema Mungu amepanga."

"Na ulijua lini kwamba nilichaguliwa?"

"Leo," alisema bibi, akaonyesha laptopu kwa kidevu. "Hapo kwenye hicho."

Consolata alisimama, akatembea mpaka kwenye shamba la mihogo, akasimama huko amewapa mgongo. Recho alitaka kumfuata, bibi akamshika mkono.

"Mwache. Ana haki yake." Baada ya muda akaongeza, "Lakini na yeye, miaka yote hiyo, asiniulize hata mara moja? Anakuja hapa, anachota maji, anapika, kumbe moyoni kumejaa."

Consolata aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Aliketi, akachukua hindi jingine. Bibi Yunis akamgeukia Recho.

"Ruhusa nakupa. Lakini pale ukutani mtengeneze. Mimi sikusoma nikaficha. Uongo wangu ni kwamba nilijifanya nimesoma. Hayo ni mambo mawili. Na hapa kanisani msiilete, maana nitahama."

Recho alipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba la bibi, nalo likabandikwa chini ya jina lake.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jumatano Consolata alifunga kibanda chake cha kushonea, akaja Musoma. Gody alikuwa amepata ukuta wa nyuma wa bohari moja iliyotelekezwa, wakabandika karatasi za majina, wakawapanga wanafunzi wanane kama umati. Recho alianza kumweleza mama yake pa kusimama.

"Usinieleze," Consolata alisema. "Washa kamera yako."

Aliwapenya watu, akafika mbele. Aliweka kidole kwenye karatasi, akatupa jicho kwa jirani yake kuona anashushaje, naye akashusha. Kidole kilipita juu ya jina la Consolata bila kusimama. Kilipofika ukingo wa chini kilibaki palepale, kama kinachongoja kuambiwa neno. Kisha alijitoa kwenye umati, akajifunga vizuri kitenge chake, akaenda. Walipiga mara moja tu. Gody alipotaka kurudia kwa usalama, Consolata alikataa.

Bango lilimtesa Recho zaidi. Alilipenda lile la zamani, na kila alipofungua faili alitafuta sababu ya kuliacha. Alhamisi mchana alilifuta. Jipya lilikuwa na orodha ileile, majina yote ni mazima, ila herufi zake amezivuruga kidogo, hivyo kwamba mtu akisimama mbele yake anajua haya ni majina lakini hawezi kulisoma hata moja. Halikuwa zuri kama la kwanza. Watu walilipita wakidhani printa imeharibika.

Ijumaa ukumbi wa chuo ulijaa. Baada ya filamu Recho alipanda jukwaani kwa zile dakika tano zake. Alikuwa ameandika maneno mengi, na mengi aliyaacha. Alisimama kama bibi yake, akawaambia watu kuhusu cheti kilichotundikwa sebuleni, nyimbo zilizojulikana kwa kichwa, na kitabu kilichofunguliwa kila Jumapili. Alipofika kwenye swali la "ningemwambia nani?" alisahau mstari uliofuata. Alisimama kimya mpaka kengele ya muda ilipolia. Wengine walidhani ndivyo ilivyopangwa. Madam Gati hakudhani hivyo, akampunguzia alama na kumwambia wazi. Filamu aliipa alama ya juu kuliko zote za mwaka ule. Kwenye karatasi ya maoni aliandika: "Ungeileta kama ilivyokuwa Jumatatu, ikiwa na saini tu, ningeipokea na tungekuwa tumekosea sote wawili. Nenda kwa watu kwanza, kisha ndipo uandike."

Consolata alikuwa amekaa safu ya nyuma. Walitoka pamoja mpaka barabarani, akiwa amekumbatia mkoba wake.

"Mama, umemsamehe?" Recho aliuliza.

"Nani, bibi yako?" Consolata alifikiri. "Mimi nilimkasirikia mtu aliyesoma. Huyo mtu hakuwepo. Sasa huyu aliyepo, bado sijajua nimfanyeje." Bajaji ilisimama mbele yao, naye akaipungia mkono iende. "Nilipoweka kile kidole ukutani, Recho, niliogopa. Ni filamu, najua kusoma, jina langu liko pale naliona, lakini niliogopa wale wanafunzi wako wasije wakanigundua."

"Haikuonekana."

"Ndiyo. Na kwake pia haikuonekana." Alivuta pumzi. "Jumapili nakwenda Bugwema, mahindi yake hayajaisha. Nitamuuliza mambo mengine. Yako mengi sikumuulizaga."

Bajaji nyingine ilikuja, akapanda.