Sweta ya Jongoo

Mimi kuzungusha maneno sipendi. Wateja wangu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, wananijua: maharage yakiwa na wadudu nakwambia yana wadudu, ukitaka chukua, hutaki acha. Kwa hiyo lililotokea kwetu Kilolo mwaka sabini na nane nalisema lilivyokuwa.

Mdogo wangu Didas alirudi kutoka Ujerumani, alikopelekwa na misheni kusomea ufundi wa redio. Wenzake walirudi na makoti. Yeye alirudi na kibao cha kijani kisicho hata na kava, kimejaa vidude, pembeni kina vitufe vya namba. Eti kompyuta. Tena ya nyumbani! Wakati ule serikali ilikuwa imezuia kompyuta kuingia nchini. Walipomuuliza pale uwanja wa ndege, akasema ni spea za redio. Wakaitazama, wakamwonea huruma, wakampitisha.

"Inafanya nini sasa?" nikamuuliza.

"Inahesabu, Dada. Inakumbuka. Ukiipa amri inatii."

"Basi imekushinda wewe."

Akacheka. Lakini ukweli ni kwamba haikuwa inafanya lolote. Alipokuwa anaijaribu kwenye karakana ya misheni, Iringa mjini, alikosea nyaya za betri ya gari, chanya akaweka kwenye hasi, prosesa ikaungua. Prosesa ndiyo kichwa chenyewe cha mashine: kidude cheusi, kimeandikwa 6502, na vimiguu vya bati vimejipanga pande zote mbili. Akamwandikia Bruda Edmund, mwalimu wake wa kule, amtumie nyingine.

Haraka yote ilikuwa ya Mama. Mama yetu, Apolonia, alikuwa na presha ya macho, na daktari alishasema wazi kwamba macho yale yanafunga, mwaka hauishi. Mimi alikuwa ananitambua kwa sauti tu. Lakini taa nyekundu bado aliiona, na ile mashine ikiwaka hutoa namba nyekundu.

"Mama aliuza ng'ombe wake nikasome," Didas aliniambia. "Lazima aione kwa macho yake. Akishapofuka nitamwonyesha nini?"

Hilo ndilo lilikuwa linamkosesha raha, si kingine.

Prosesa ilifika Julai. Padri mmoja aliileta, akaiacha kwa Mama. Mnaijua baridi ya Kilolo ya Julai? Kavu, upepo unapasua midomo. Nilikuwa nimetoka Mbeya kuja kumwangalia Mama, nikamkuta kajikunyata na blanketi lake.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu. Sema polepole, jongoo wa Didas amelala."

Jongoo! Ndivyo alivyoiita prosesa, kwa ile miguu yake. Alikuwa ameifunga kwenye sweta ya sufu, ile aliyomfumia Didas akiwa mchanga, na sweta ameitia kifuani chini ya blanketi, wiki nzima, analala nayo. Mama ndivyo alivyo. Hata vifaranga, mvua ikipiga, huwatia kifuani.

"Wamemleta kachomekwa kwenye kisponji cheusi, kichafu, miguu yote imezama," akasema. "Nikamtoa. Masikini, angelalaje vile?"

Kisponji chenyewe alikuwa anasugulia sufuria. Alipoifunua sweta anionyeshe, ikalia tatata, na mle ndani mlivyokuwa na giza nikaona cheche za moto zinaruka.

"Ana nguvu huyu!" Mama akafurahi. Nami nikafurahi naye, sikujua.

Jumamosi Didas akaja na kibao chake na betri. Mama akasogeza kigoda hadi pua ikakaribia kugusa. Didas akaichomeka prosesa, akawasha. Wapi! Akakagua nyaya, akazima, akawasha tena. Wapi.

"Mama, uliitunza ndani ya nini?"

Mama akamnyooshea sweta. Ikalia tatata. Nikamwona mdogo wangu anafumba macho.

Alinieleza nyuma ya jiko. Sufu ikisuguana kwenye baridi kavu inazaa umeme, na vidude vile haviuwezi. Kile kisponji cheusi ndicho kilikuwa kinga yake.

"Basi mwambie!" nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kaiua! Mtu mzima anaambiwa ukweli."

"Dada, amelala nayo kifuani wiki nzima. Macho yanamwacha, halafu nimwongezee na hili?"

"Mjinga wewe!" Nilimaanisha. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Akarudi ndani, akamwambia Mama prosesa ilifia njiani. Akaichomoa. Aliivuta kwa pupa, kimguu cha pembeni kikapinda. Mama akaipokea, akaipapasa mguu kwa mguu.

"Pole, jongoo. Na mguu umekupinda. Ni baridi ya huko kwenye ndege hiyo. Ungefika mzima, kwangu usingekufa."

Nikatoka nje kabla sijaropoka.

Bruda Edmund akatuma nyingine, safari hii moja kwa moja karakana, lakini mpaka ifike ilikuwa Novemba na Mama alikuwa anaona mwanga tu. Naye aliposikia imefika akatoa amri: ije kwanza kwake aitunze, ndipo iwashwe. Didas akafanya ujanja. Akampelekea ile iliyokufa, aliyokuwa ameondoka nayo Julai ikiwa ndani ya sweta yake, akasema ndiyo mpya. Nzima akaiacha karakana kwenye kisponji chake. Nilimwambia huo ni upuuzi, hakunisikia.

Jumapili baada ya misa tukakusanyika. Didas akapokea sweta kwa mikono miwili, akageuka, akachomeka ile nzima aliyokuja nayo mfukoni, akawasha. Namba zikawaka. Nyekundu kabisa.

"Mama, tazama."

Mama akainama. Akapeleka uso kushoto, akaupeleka kulia. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukuta.

"Nyekundu," akasema. "Didas, naiona! Yesu wangu, naiona!"

Akapiga vigelegele. Didas akapiga magoti pale pale akalia bila aibu, kisha akakimbia nje kuwaita majirani.

Tulipobaki wawili Mama akanishika mkono.

"Esta. Yule niliyelala naye siku hizi, mguu wake mmoja umepinda."

Nikatazama mlangoni, Didas hajarudi.

"Ni yule yule wa kwanza," akasema. "Mwenzio hawezi kuniambia, na wewe hujawahi kunificha kitu. Nilimuua mimi?"

Miezi yote ile jibu nilikuwa nalo mdomoni, limeiva. Nikamtazama. Macho yake hayakuwa yananitafuta mimi, yalikuwa yameelekea kule kwenye wekundu, hayataki kutoka.

"Hapana, Mama. Alifia njiani."

 Nje sauti za majirani zilikuwa zinakaribia.

"Hata wewe, Esta," akasema, akanipapasa shavu.

Kisha akaichukua ile sweta, akaikunja polepole, akaiweka mbali na mashine, chini ya kigoda chake.