Nyumba ya Kusubiria

Gundi ilikuwa imeshakauka kwenye paa la kadibodi Nadhira alipogundua kwamba hajui tena nyumba ile ya mfano ni ya nini. Aliizunguka pale juu ya mkeka, akalala kifudifudi akaichungulia madirishani. Ilikuwa nzuri, na uzuri wenyewe ndio uliomtia wasiwasi.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo Dar es Salaam, na alirudi kijijini kwao Vitongoji kumalizia mradi wake: nyumba ya kusubiria kando ya hospitali, kwa waja wazito watokao mbali, pamoja na jamaa zao. Wazo lilisemeka kwa pumzi moja: anayesubiri asiwe peke yake. Kisha mhadhiri mmoja akataka ukuta kati ya wazazi na jamaa, wa kuzuia maambukizi, akauweka. Mwingine akataka paa la kuvutia, akalipinda. Hudhaifa, mwanafunzi mwenzake, akamshauri aongeze bustani. Hakuna aliyekosea. Lakini Nadhira alijiona kama mtu aliyetumwa dukani, akafika, akasimama mbele ya muuzaji asikumbuke alichotumwa.

"Imekuwa hoteli hii?" aliuliza mama yake, Bi Mwanawema.

"Ni ile ile, mama."

"Basi mie ningekaa wapi?"

Nadhira akaonyesha chumba kimoja. Akasita, akaonyesha kingine.

Mchana huo huo dada yake, Rahma, akashikwa na uchungu. Wakampeleka Chake Chake kwa gari la jirani. Muuguzi alimpokea Rahma mlangoni, akawazuia wao.

"Subirini nje, mama. Ndani kuna vichanga, hatuwezi kujaza watu."

Nje palikuwa na ukuta na kivuli chembamba, na wanawake waliojibanza humo wakikifuata kila kiliposogea. Bi Mwanawema akaketi mbali kidogo na tasbihi yake. Mwanamke mmoja wa makamo akakunjua kanga yake chini, akamtengea Nadhira nafasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mie naitwa Time, natoka Gando. Binti yangu yumo humo tangu jana. Kila mlango ukilia, moyo unanitoka."

Nadhira akauliza haraka, kama aliyeona upenyo, "Ungependa uwe naye ndani?"

Bi Time alikung'uta vumbi kwenye kanga. "Napenda. Na naogopa. Akilia mbele yangu sitastahimili. Nataka tu ajue nipo."

Nadhira alitarajia jibu la kumwezesha kuubomoa ukuta aliouchora, au kuuacha. Hili halikumpa hata moja. Ukuta ukiondoka, vichanga watadhurika. Ukibaki, mama huyu ataendelea kukaa mavumbini. Na huku kujua kwamba mtu yupo, kungechorwaje? Kwa dirisha? Kwa sauti? Kila umbo alilolijenga kichwani liliporomoka kabla hajaliwekea paa. Akajiuliza kama wazo lake lilipotea kwa wahadhiri, au hakuwahi kulijua hata siku ile alipolitamka.

Mlango ukafunguka. Wanawake wote wakainuka.

"Nani wa Rahma?"

"Sisi!" Bi Mwanawema aliitika.

"Mtoto wa kike. Wote salama. Aingie mmoja tu."

"Alhamdulillahi." Bi Mwanawema akaingia bila kugeuka. Wengine wakarudi kukaa. Bi Time akabaki amesimama, macho kwenye mlango uliofungwa.

"Hongera, mwanangu," alisema hatimaye. "Nyie mmeshapata. Nenda kapumzike."

"Nitakwenda, bibi," Nadhira akajibu. Akakaa.

Bi Time naye akaketi, taratibu, kama aliyepungukiwa na mifupa. Baadaye usingizi ukamchukua, kichwa chake kikamwangukia Nadhira begani, kizito kuliko alivyodhani. Wazo la nyumba lilianza kumjia Nadhira, hafifu, bado halina umbo, na kalamu ilikuwa mkobani upande huo huo. Hakuthubutu kuusogeza mkono, asije akamwamsha.